Daftari Kabla ya Mashine

Mwaka 2023 wataalamu wa biashara kutoka Chuo Kikuu cha California kilichopo Berkeley na Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walifanya jaribio nchini Kenya ambalo, kwa rai yangu, lingestahili kusimuliwa katika kila baraza la wafanyabiashara wadogo tangu Lamu mpaka Lindi. Waliwachukua wenye biashara ndogo 640, wakawagawa kwa kura katika mafungu mawili. Fungu la kwanza likapewa kitabu cha kawaida cha maongozi ya biashara, na fungu la pili likapewa mshauri asiye mtu, yaani programu ya akili mnemba iliyojengwa juu ya GPT-4, ambayo mwenye biashara aliweza kuiandikia kwa WhatsApp usiku au mchana, akaieleza lililomtatiza, nayo ikamjibu papo hapo. Jaribio likaenda miezi mitano. Hesabu zilipojumlishwa ikaonekana kwamba, kwa wastani, mshauri yule hakuongeza pato la watu wala hakulipunguza. Lakini wastani ule ulikuwa umefunika jambo zito, kwani ulipochambuliwa ilidhihirika kwamba wale ambao biashara zao zilikuwa imara tangu kabla ya jaribio walipanda kwa kiasi cha 15 hadi 20 kwa mia, ilhali wale waliokuwa wakisuasua walishuka kwa kiasi cha 8 hadi 10 kwa mia.

Mtu akilisikia hili mara ya kwanza atadhani kwamba wanyonge walijibiwa vibaya, au kwamba walishindwa kuuliza. Sivyo. Maswali ya waliokuwa imara na ya waliokuwa wakisuasua hayakuachana sana, na majibu waliyopewa yalikuwa ya namna moja. Kilichowatenga ni uteuzi, yaani lipi katika mengi waliyoambiwa walilishika na kulitenda. Waliokuwa wakisuasua waliyashika mashauri ya jumla, kama vile kupunguza bei na kuongeza matangazo, ambayo yanaweza kuambiwa muuza samaki na fundi cherehani kwa maneno yaleyale. Na waliokuwa imara waliyapita hayo, wakatwaa lile lililoihusu kazi yao yenyewe, kwa mfano kutafuta nishati ya akiba kwa ajili ya saa ambazo umeme hukatika.

Tulitazame shauri la kupunguza bei, maana ndilo huwaangamiza wengi hata pasipo mashine. Mwenye duka anunuaye kitu kwa shilingi 900 na kukiuza kwa shilingi 1,000 ana faida ya shilingi 100 juu ya kila kitu. Akishauriwa apunguze bei kwa 5 kwa mia tu, jambo ambalo masikioni ni dogo, atauza kwa 950, na faida yake itakuwa 50, maana yake ni kwamba sharti auze mara mbili ya alivyouza jana ili apate kilekile alichokipata jana. Je, wateja wa mtaa wake wataongezeka maradufu kwa sababu ya shilingi 50? Mwenye kujua bei yake ya kununulia, gharama ya kuleta mzigo, na idadi ya anavyouza kwa juma, atalijibu swali hili kwa dakika moja na kulikataa shauri lile hata likija kwa lugha tamu kiasi gani. Asiyejua hana la kulipinga, naye atalifuata, kisha mwisho wa mwezi atashangaa fedha zimekwenda wapi.

Hilo ndilo ninalotaka kulisema kwa msisitizo wote nilio nao, katika wakati huu ambapo kila mwenye duka anahimizwa asiachwe nyuma na akili mnemba: mashine hii haimletei mtu maarifa ya biashara yake, bali huyachukua yale aliyokwisha kuyaweka wazi, ikayazidisha, na asiyeweka kitu wazi humzidishia kubahatisha kwake. Daftari hutangulia.

Na tujue kwanza tunamzungumzia nani. Sera ya Tanzania ya biashara ndogo na za kati ya mwaka 2003 huiita ndogo sana ile biashara yenye watu wasiozidi 4 na mtaji usiozidi shilingi milioni 5, ikaiita ndogo ile yenye watu 5 hadi 49, na ya kati ile yenye watu 50 hadi 99. Nchini Kenya uchunguzi wa serikali wa mwaka 2016 ulihesabu biashara za namna hii zipatazo milioni 7.4, na nyingi kupita kiasi hazikuwa na leseni. Basi tunaposema biashara ndogo hatusemi kampuni yenye karani wa hesabu na mlinzi wa getini. Aghalabu tunamsema mtu mmoja na mwanawe, au mke na mume, wanaofungua mlango alfajiri, wakafunga usiku, na ambao hesabu zao zimo vichwani mwao, na vichwa hivyo, nakiri kwa heshima, vina kumbukumbu ya ajabu. Lakini kilichomo kichwani hakisomwi na mashine yoyote.

Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya, na ni vema kuyatenga. La kwanza ni uendeshaji wa kujiendesha, yaani kukipa chombo amri iliyokwisha kupangwa, nacho kikaitekeleza bila kukumbushwa: saa ikifika, ujumbe uende, mzigo ukipungua chini ya mifuko 10, simu ilie, malipo yakiingia, risiti itoke. Hakuna akili yoyote humo, ila utii, na utii huu una manufaa makubwa kwa mwenye kazi nyingi na mikono michache. WhatsApp ya biashara, iliyotoka mwaka 2018, ina salamu za kujituma na majibu yaliyotayarishwa, na maelfu ya wauza nguo na wapishi wa keki wanaitumia bila kudhani kwamba wamo katika mapinduzi ya namna yoyote. La pili ni akili mnemba yenyewe, ambayo haiambiwi kanuni moja baada ya moja, bali huonyeshwa mifano mingi mno mpaka ikajua kufananisha. Zile programu za kuandika na kuzungumza, ambazo umaarufu wake ulianza ChatGPT ilipotolewa mwezi wa Novemba 2022, zimesomeshwa maandishi mengi kuliko awezayo kuyasoma mtu kwa maisha mia, zikajifunza neno gani aghalabu hufuata neno gani, na zinapojibu huunga neno kwa neno kwa kufuata lile lenye mwelekeo mkubwa wa kufaa. Ndiyo maana jibu lao huwa fasaha daima, hata pale ambapo si kweli, kwa kuwa ufasaha ndio ziliofundishwa, na ukweli huja pamoja nao mara nyingi, lakini si kila mara. Anayezitumia sharti azichukulie kama karani mgeni mwenye mwandiko mzuri, aliyesoma sana, asiyewahi kukanyaga dukani.

Niliiona hali hii kwa karibu mjini Tanga, katika duka la vifaa vya ujenzi la mzee mmoja ambaye binti yake, aliyemaliza masomo ya biashara, alikuwa amemwomba ruhusa ya kuyahamisha madaftari katika simu. Daftari lenyewe lilikuwa kubwa, la kurasa zenye mistari myekundu pembeni, na kingo zake zimekuwa laini kwa kushikwa. Ukurasa ule aliokuwa akiupiga picha ulikuwa na saruji mifuko 40, misumari ya inchi tatu katoni 2, mabati ya geji 30 vipande 25, rangi, bawaba, vitasa, na chini yake majina ya watu na fedha walizochukulia mali. Programu ikaisoma picha, ikatoa jedwali safi, lililopangwa kuliko daftari lilivyokuwa, na jumla yake ikawa imekosewa vibaya.

“Baba, hii inasema Bwana wa bandarini amekwisha kulipa.”

“Amelipa lini, mwanangu? Huuoni msalaba huo ubavuni mwa jina lake?”

“Nauona, lakini yenyewe haijui msalaba una maana gani.”

“Basi iambie.”

Ikawa ndiyo kazi ya asubuhi ile. Binti akaandika, baba akitamka: msalaba ni deni ambalo halijalipwa, duara ni deni lililolipwa lote, duara lenye mkia ni lililolipwa nusu, katoni ya misumari ni kilo 25, nayo hununuliwa kwa katoni lakini huuzwa kwa kilo, bati lililopigwa mstari chini ni lililorudishwa kwa sababu ya kutu. Wateja wakawa wanaingia kati ya maneno hayo, “Shikamoo, mzee,” “Marahaba, karibu,” akawapimia misumari, akarudi kwenye kiti, akaendelea kutamka. Mambo aliyoyatamka yalijaza ukurasa mmoja na nusu, na hakuna hata moja ambalo lilikuwa limepata kuandikwa mahali popote tangu duka lifunguliwe. Picha ileile iliposomwa upya pamoja na maelezo yale, jedwali likatoka sahihi, isipokuwa mstari mmoja ambao hata baba mwenyewe hakuweza kuusoma.

Kisha binti akaiomba programu ijumlishe madeni yote yaliyopita miezi mitatu. Mzee alipoiona jumla hakusema neno juu ya mashine. Aliomba asomewe majina, moja moja, na kwa kila jina akasema nani wa kukumbushwa kwa upole, nani wa kufuatwa nyumbani, na nani wa kusamehewa kwa sababu amefiwa. Hapa pana mpaka ambao sidhani utavukwa karibuni. Kujumlisha ni kazi ya mashine, na itaifanya upesi kuliko sisi; kumjua aliyefiwa ni kazi ya jirani.

Jambo jingine lililotokea katika duka lile ni la saa, nalo nalisimulia kwa sababu litampata kila mfanyabiashara wa Kiswahili. Binti alikuwa ameweka jibu la kujituma ili mteja akiuliza wakati wa kufungua ajibiwe hata usiku, akaandika saa 2 hadi saa 12, kama tunavyosema sote. Lakini chombo chenyewe huhesabu saa tangu usiku wa manane, si tangu kucha, kwa hiyo kikawatangazia watu kwamba duka hufunguliwa usiku wa manane umepita saa mbili na kufungwa adhuhuri. Alasiri yote wateja waliambiwa kwamba duka limefungwa, ilhali mlango ulikuwa wazi na mzee amekaa kaunta. Kosa lilisahihishwa kwa nusu dakika mara lilipotambuliwa. Kulitambua ndiko kulikochukua siku.

Wazo la kwamba biashara hukaa juu ya maandishi si geni kwetu wala kwa wengine. Mwaka 1494, miaka minne kabla Vasco da Gama hajatia nanga Malindi, mtawa wa Kitaliano aitwaye Luca Pacioli alichapisha mjini Venice kitabu cha hesabu ambacho ndani yake alieleza jinsi wafanyabiashara wa mji ule walivyoandika kila shughuli mara mbili, upande wa kutoa na upande wa kupokea, ili kosa likiingia upande mmoja lifichuliwe na wa pili. Na katika karne ya 19 nyumba ya Jairam Shivji, iliyokodi forodha ya Unguja kwa miongo mingi, iliendesha mali ya pembe, karafuu na misafara ya bara kwa nguvu ya mikopo iliyoandikwa, mikopo ambayo mingine ilingoja kulipwa mpaka msafara urudi. Waliokuwa na daftari walijua wanamdai nani. Wasiokuwa nalo walikuwa wakidaiwa.

Leo mizani hiyo imerudi kwa sura nyingine, tena kwa namna ambayo wengi hawakuiona ikiingia, maana mashine ilianza kumhukumu mfanyabiashara mdogo miaka mingi kabla yeye hajafikiri kuitumia. M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwaka 2007, kila malipo yaliyopita katika simu yaliacha alama; na mwezi wa Novemba 2012 Safaricom pamoja na Commercial Bank of Africa zilipoanzisha huduma ya mikopo ya M-Shwari, alama hizo zikawa ndizo zinazopimwa na programu ili kuamua nani akopeshwe na kiasi gani, bila meneja, bila fomu, bila kuonana uso kwa uso. Kwa mtu ambaye benki isingemfungulia mlango, lilikuwa jambo la neema, na sitaki kulidharau. Lakini ada yake ilianza kwa 7.5 kwa mia kwa siku 30, na mwenye kukopa, kulipa, na kukopa tena kila mwezi kwa mwaka mzima hulipa jumla ya 90 kwa mia. Tena mwenye duka ambaye faida yake ni kumi kwa mia, kama yule wa shilingi 900 tuliyemtaja, anabakiwa na kidogo sana mkononi baada ya ada ile, na asipouza mzigo wote kwa mwezi huo huenda asibakiwe na kitu. Wakaja na wakopeshaji wengine wa simu, baadhi yao wakawa wanawaaibisha wadaiwa kwa kuwapigia jamaa na marafiki zao, mpaka Benki Kuu ya Kenya ikaweka kanuni juu yao mwaka 2022.

Mwenye daftari ana ulinzi katika mambo haya, kwani anaweza kukokotoa kabla ya kubonyeza kitufe. Zaidi ya hayo, ana ushahidi wake mwenyewe. Programu ya mkopeshaji humwona kwa tundu moja tu, yaani yale yaliyopita katika simu. Haioni saruji aliyouza kwa fedha taslimu, wala haioni kwamba mwezi ule miamala ilipungua kwa sababu alikuwa hospitali. Sheria ya Kenya ya kulinda taarifa za watu ya mwaka 2019 inampa mtu haki, katika kifungu chake cha 35, ya kutokukatiwa shauri zito na mashine peke yake, na ya kuomba shauri hilo litazamwe upya. Lakini haki ya kuomba shauri litazamwe upya ni nyepesi mikononi mwa mtu ambaye hana karatasi ya kuonyesha.

Kwa sababu hiyo nina maoni ambayo najua hayatapendwa na kila msomaji, kuhusu mashine za risiti. Tanzania ilileta mashine za EFD mwaka 2010, na Kenya kwa mfumo wake wa ankara uitwao eTIMS ikafikia hatua kwamba tangu mwanzo wa mwaka 2024 gharama isiyo na ankara ya elektroniki haikubaliwi katika hesabu za kodi. Manung'uniko yaliyotokana na mambo haya ni mengi, na mengine ni ya haki kabisa, hasa juu ya bei ya mashine na ukali wa faini. Hata hivyo mfanyabiashara aliyetoa risiti kila siku kwa miaka miwili amejikuta, kwa kulazimishwa, na hazina ya maandishi ambayo baba yake hakuwa nayo: ameuza nini, siku gani, kwa bei gani. Wengi huyatoa maandishi hayo kwa serikali, kisha wakayasahau, kana kwamba hayawahusu. Kama kuna mahali pa kuanzia kuijaribu akili mnemba, basi ni hapa, kwa kuiuliza ni bidhaa gani tano zilizoleta nusu ya faida ya mwaka jana, na ni zipi zimekaa rafuni tangu Ramadhani mpaka Ramadhani.

Huko shambani tuna mfano bora wa jambo lilelile. Programu iitwayo Nuru, iliyotengenezwa na watu wa PlantVillage wa Chuo Kikuu cha Penn State pamoja na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA na shirika la FAO, humwezesha mkulima wa mihogo kuelekeza kamera ya simu kwenye jani, akaambiwa kama ni batobato, au michirizi ya kahawia, au utitiri, na hufanya hivyo hata mahali pasipo na intaneti. Haikupata ujuzi huu kwa kusoma vitabu vya Ulaya. Watafiti walipita katika mashamba ya majaribio karibu na Bagamoyo wakipiga picha maelfu ya majani, na wajuzi wa mihogo wakasema jani kwa jani lina nini. Kabla ya Nuru kulikuwa na daftari la majani.

Na nyuma ya mashine hizi zote kuna watu, jambo ambalo husahauliwa kwa sababu watu hao hawaonekani. Mwezi wa Januari 2023 gazeti la TIME lilieleza kwamba maandishi machafu yaliyotumiwa kuifundisha programu ya ChatGPT kujiepusha na uchafu yalisomwa na kutiwa alama na wafanyakazi wa Kenya waliolipwa chini ya dola 2 kwa saa. Mwenye duka wa Nairobi anapopata jibu la adabu kutoka kwa mashine, baadhi ya adabu hiyo ilinunuliwa kwa usingizi wa jirani zake.

Je, mashine ikikosea, nani mwenye kosa? Swali hili lilijibiwa nchini Kanada mwezi wa Februari 2024. Abiria aliyefiwa na bibi yake aliiuliza programu ya mazungumzo ya shirika la ndege la Air Canada juu ya nauli nafuu ya waliofiwa, ikamwambia anaweza kuiomba baada ya safari. Alipoiomba, shirika likakataa kwa kuwa taratibu zake zilisema vingine, na mbele ya baraza la madai la British Columbia likadai kwamba programu ile inawajibika yenyewe kwa maneno yake. Baraza likalikataa dai hilo, likaamuru shirika limlipe abiria yapata dola 812 za Kanada. Shirika la ndege huweza kulipa dola 812 bila kuyumba. Mama mwenye mgahawa ambaye simu yake imemwahidi mteja pilau ya watu 200 kwa bei ya watu 20 atayumba, na mteja atakuwa na picha ya ahadi ile. Kwa hiyo bei, ahadi za siku, na habari za dawa au vyakula vyenye madhara visiachwe katika mikono ya mashine inayotunga maneno. Viwekwe katika majibu yaliyoandikwa na mwenyewe, ambayo chombo huyarudia kama yalivyo, na lililo nje ya hayo lingoje mpaka mtu aamke.

Kadhalika majina ya wadaiwa ni amana. Kuupiga picha ukurasa wa madeni na kuutuma katika programu ya kampuni ya mbali ni kuyatoa majina ya jirani zako nje ya nyumba, na Tanzania nayo ina sheria yake ya taarifa binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023. Njia ni nyepesi: kila mteja apewe nambari, na orodha ya nambari na majina ibaki dukani. Yule binti wa Tanga alifanya hivyo juma lililofuata, kwa shauri la baba yake, ambaye hakuwa amesikia habari za sheria yoyote, ila alisema kwamba deni la mtu halitangazwi sokoni.

Khofu ya wafanyakazi nayo isipuuzwe. Mwezi wa Mei 2023 mashine za kuchumia chai ziliteketezwa kwa moto na waandamanaji huko Kericho, na anayelitazama jambo lile kwa insafu ataona si ujinga, bali ni watu walioona ujira wao ukibebwa na chuma bila ya wao kuulizwa. Katika duka dogo mambo huenda kwa njia nyingine, kwa kuwa msaidizi aghalabu ni mpwa au mtoto wa jirani, na kazi inayoondolewa ni kunakili, wala si kuuza. Lakini akiona simu imeanza kufanya alichokuwa akifanya, na hakuna aliyemwambia neno, ataanza kuficha anayoyajua, na anayoyajua ndiyo ambayo mashine inayahitaji. Tajiri mwenye busara humwita siku ya kwanza, akamwambia saa zinazookolewa zitakwenda wapi: kuwafuata wadaiwa, kupeleka mizigo, kujifunza bei za viwandani.

Anayetaka kuanza, basi, asianze kwa kununua kitu. Aandike mwezi mmoja kamili, kila kilichoingia na kila kilichotoka, pamoja na bei ya kununulia, ambayo ndiyo watu huisahau, na fedha aliyotoa kwenye droo kwa chakula cha nyumbani, ambayo ndiyo hawapendi kuiandika. Malipo ya Lipa Namba au ya Lipa na M-Pesa tayari yana taarifa yake, ayaunganishe na ya fedha taslimu. Kisha aipe programu mwezi huo, akaiulize kwanza swali ambalo jibu lake analijua kwa yakini, kama vile jumla ya saruji iliyouzwa, ili aipime kabla ya kuiamini; ikikosea, atafute ni kitu gani hakuieleza. Baada ya hapo ndipo aiulize asilolijua. Na shauri lolote la kubadili bei, kukopa, au kuleta bidhaa mpya alijaribu kwa bidhaa moja na kwa majuma machache, asilitandaze dukani pote kwa sababu tu limeandikwa vizuri.

Katika Tanzania tuna shirika la SIDO, lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, lenye ofisi mikoani na walimu waliozoea kuketi na mafundi seremala na wasindikaji wa vyakula. Ningependa kuona darasa la akili mnemba likifunguliwa katika ofisi hizo, si la kuonyesha maajabu ukutani, bali la meza ndogondogo, ambapo kila mmoja amekuja na daftari lake la mwezi uliopita na kazi hufanywa juu ya daftari hilo. Na ajaye bila daftari aandikishwe, apewe moja tupu pale mlangoni, na aambiwe arudi baada ya mwezi.